Foleni ya pembea Kisii: kupanga siku ni nusu ya dawa, nusu nyingine iko langoni

Desemba iliyopita nilipanda basi Mwembe Tayari kwenda ukweni. Mke wangu ni mtu wa Nyamira, na kutoka Mombasa hadi kwao ni karibu kilomita 800, usiku kucha na asubuhi juu yake. Siku moja baada ya Krismasi, watoto wa dada yake walinizunguka, watano kwa jumla. Walikuwa wamesikia kwamba mjini Kisii kuna uwanja ulioletewa gurudumu kubwa, pembea za umeme na farasi wa kuzunguka. Baba mdogo wa pwani amefika, basi na atoe.

Tulitoka nyumbani saa nne na nusu, baada ya chai. Tukafika saa sita kasoro, kwa sababu barabara ya kuingia mjini ilikuwa imefungana. Tukasimama foleni ya farasi, tukapanda saa saba. Tukahamia foleni ya gurudumu. Saa nane na robo bado kulikuwa na watu mia mbele yetu, mara mvua ya Kisii ikashuka, mashine zikazimwa, na kila mtu akakimbilia mabati ya karibu. Ilipofika saa kumi tulikata tamaa. Watoto watano, nauli ya watu sita kwenda na kurudi, tiketi za mlangoni, soda na chipsi, na walichopata ni dakika nne juu ya farasi wa plastiki.

Ndani ya matatu, yule mdogo wao wa miaka sita aliniuliza, "Ba'mdogo, kwani tulikuja kusimama?"

Mwenye uwanja simtaji, maana kosa si lake peke yake. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Mimi ni mtu wa Likoni. Nimevuka feri tangu nikiwa shule ya msingi, na najua vizuri kwamba anayefika saa kumi na mbili kasoro asubuhi na anayefika saa moja na nusu hawavuki feri moja, ijapokuwa chombo ni kile kile. Elimu hiyo niliiacha Likoni. Tangu siku hiyo nimelipima jambo hili, na nimeona lina pande mbili: upande wa anayepeleka watoto, na upande wa anayeshika lango. Nitaanza na wetu.

Kwa nini Kisii hujaa kuliko kwetu

Wengi wetu pwani tukisikia Kisii tunafikiria ndizi na mawe ya kuchonga ya Tabaka. Tunasahau watu. Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira 605,576. Mombasa nzima, kisiwa na bara yake, ilikuwa na watu 1,208,333. Yaani Kisii peke yake ina watu wengi kuliko Mombasa, na ukiongeza Nyamira unakaribia milioni 1.9.

Lakini sisi tuna bahari. Sikukuu ikifika, mtoto wa Kisauni anakwenda ufuoni, wa Majengo anakwenda Mama Ngina, wa Likoni anashuka Shelly. Ufuo hauna lango, hauna mashine ya kusubiri zamu, na maji yanawatosha wote. Milima ya Gusii haina nafasi kama hiyo. Kila kipande cha ardhi kina chai, migomba, mahindi au nyumba. Uwanja wa Gusii, mjini Kisii, ndio unaobeba kila kitu: Shabana ikicheza nyumbani, watu ni huko, Sikukuu ya Mashujaa ya 2020 ilipopelekwa Kisii, ilikuwa ni huko. Ndiyo maana mtu akileta pembea mahali, au Maonyesho ya Kilimo ya ASK yakifunguliwa, watoto wa kaunti mbili wanaelekea sehemu moja. Mwenye Mkomani yetu ya maonyesho na bahari nyuma yake hawezi kuelewa haraka njaa hiyo ya mahali pa kuchezea.

Hesabu ya foleni

Watu wengi hudhani foleni hukua polepole, mtu mmoja baada ya mwingine. Sivyo. Mdenmarki A. K. Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, ndiye aliyeanza kuichambua hesabu hii katika maandishi yake ya 1909, akitaka kujua laini ngapi zinatosha ili wapigaji wasisubiri. Alichofungua yeye, na wengine wakaendeleza, ndicho kinachotutesa kwenye pembea: maadamu wanaofika ni wachache kuliko wanaohudumiwa, foleni ni fupi; wakikaribia kulingana, hurefuka ghafla; wakizidi, hurefuka bila kikomo mpaka watu waache kuja.

Tuchukue mfano wa gurudumu lenye vibanda 12, kila kimoja watoto wawili. Mzunguko mmoja, pamoja na kupandisha na kushusha, unachukua dakika saba. Hilo ni gurudumu la watoto kama 200 kwa saa. Uwanja unafunguliwa saa tatu. Saa ya kwanza wanakuja watoto 100: hakuna foleni. Kuanzia saa nne hadi saa saba wanakuja 300 kila saa. Kila saa inabakisha watoto 100 nyuma. Sasa tazama: aliyefika saa nne amepanda papo hapo. Aliyefika saa tano anasubiri nusu saa. Wa saa sita anasubiri saa nzima. Wa saa saba anasubiri saa moja na nusu, na hiyo ni kwa mashine moja tu. Aliyekuja mapema anaweza kupanda zote nne kabla wa saa saba hajapanda hata moja. Wote wamelipa bei ile ile.

Hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa umesimama. Hesabu walio mbele yako, gawanya kwa idadi inayopanda kwa mara moja, zidisha kwa dakika za mzunguko mmoja. Kama kuna watoto 120 mbele, na wanapanda 24 kwa dakika saba, una dakika 35. Ukilijua hilo, unaamua: nisubiri au niende kwingine kwanza. Siku ile mimi sikuhesabu. Nilisimama tu kwa kuwa wengine wamesimama.

Namna ya kuipanga siku

La kwanza ni siku yenyewe. Ikiwa huna lazima ya kwenda siku kuu yenyewe au kesho yake, usiende. Siku ya tatu au ya nne mashine ni zile zile na watu wamepungua, kwa sababu pesa za sikukuu zimekwisha mifukoni. Gusii ina jambo lake jingine ambalo mgeni wa pwani hulisahau: Waadventista Wasabato ni wengi mno huko, na Jumamosi kwao ni siku ya ibada mpaka jua lizame. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi huwa pana nafasi kuliko Jumapili mchana, ambapo Wasabato wako huru na Wakatoliki wametoka kanisani. Kwa Waislamu, Ijumaa tusiihesabu kuwa siku nzima. Ukiingia saa tatu na kutoka saa sita kwenda msikitini, umepata saa tatu zilizo bora.

La pili ni saa. Fika kabla lango halijafunguliwa. Kisii kuna sababu mbili za kufanya hivyo, si moja. Kuna foleni, na kuna mvua. Mji uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake haijui msimu kama yetu. Mara nyingi jua huwaka asubuhi, mawingu hujikusanya mchana, na baada ya saa nane maji humwagika. Mashine za umeme huzimwa mvua ikinyesha, na ni haki zizimwe. Anayepanga kupanda saa tisa Kisii anacheza kamari na mbingu. Ukitoka Nyamira au Keroka, hesabu pia kwamba magari ya kwenda Kisumu, Migori na Sotik yote yanapitia mji ule ule, na siku ya soko au ya mechi njia inajaa kabla hujaliona lango.

La tatu ni utaratibu wa ndani. Watu wengi wakiingia hukimbilia mashine ya kwanza wanayoiona, au ile iliyo karibu na lango. Nenda kwanza kwenye ile kubwa inayotamaniwa na wote na inayobeba wachache, kwa sababu ndiyo itakayojaa mapema. Zile zinazobeba watoto wengi kwa mara moja ziache baadaye. Watoto wadogo wasiofikia kimo cha kupanda mashine kubwa waulizwe mlangoni kabla ya kusimama, wasije wakarudishwa baada ya saa nzima. Na kama ni siku za maonyesho, angalia mabasi ya shule: huja kwa pamoja na kuondoka kwa pamoja. Yakiegeshwa, wewe nenda kwenye mabanda ya ng'ombe na mbegu. Yakiondoka, rudi kwenye pembea.

La nne ni tumbo. Kila mtu hula saa saba. Ukila saa tano, au ukibeba mandazi na maji, saa saba ni saa yako ya kupanda. Mkubwa mmoja ashike watoto wadogo pembeni kivulini, mwingine asimame na wakubwa wao, kisha mbadilishane. Kubalianeni mahali pa kukutana mtu akipotea, na mtoto aandikiwe namba ya simu kwenye kikaratasi mfukoni.

Mtaalamu wa Marekani, David Maister, aliandika mwaka 1985 kwamba kusubiri ukiwa huna la kufanya ni kurefu kuliko kusubiri ukiwa na shughuli, na kusubiri usikojua mwisho wake ni kurefu zaidi. Mama yeyote wa pwani angemwambia hayo bila kitabu. Mwenye vitendawili mdomoni watoto wake hawalii foleni.

Anayenunua njia fupi

Ndugu zetu walio Ghuba watasema kwao mambo haya yamekwisha. Nao wana haki kiasi. Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010, ina treni ya kupanda iendayo kasi ya kilomita 240 kwa saa, na watu hupangwa vizuri. Ukimtembelea jamaa yako huko, kumbuka tu kwamba tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki ya Falme za Kiarabu ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa nusu siku. Ukienda Jumanne utajisikia kama bustani ni yako.

Lakini huko pia, kama ilivyo katika bustani nyingi kubwa za dunia, kuna tiketi ya kawaida na kuna ya ziada inayokupitisha njia fupi. Disney huko Marekani ilianza mwaka 1999 kutoa tiketi za zamu bila malipo: unapewa saa yako, unaenda kuzunguka, unarudi. Mwaka 2021 ikaufunga mpango huo, na mpya ulioletwa ukawa wa kulipia. Mtu anaweza kusema ni biashara, na mwenye nazo ana nazo. Ila tusidanganyane kwamba foleni imepunguka. Kila anayepitishwa njia fupi anawasukuma nyuma walio kwenye njia ndefu. Hakuna kiti kilichoongezeka.

Nalisema hili mapema kwa sababu nimeanza kuliona kwetu kwa sura nyingine: kijana wa mlangoni anapewa shilingi mia, na watoto wa fulani wanapita pembeni. Mkulima wa chai wa Nyamira hana siku ya kuchagua. Majani huchumwa Jumatatu, huchumwa Jumanne, na lori la kiwanda halimsubiri. Anakwenda na watoto siku ya sikukuu kwa sababu ndiyo siku aliyo nayo. Ushauri wangu wote wa hapo juu, wa kuja Jumatano asubuhi, haumfai huyo. Yeye anahitaji lango la haki.

Lango linaloua

Hapa ndipo foleni inapoacha kuwa kero na kuwa jambo la uhai. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Tarehe 29 Aprili 1994 chombo cha Mtongwe kilizama kikiwa kimebeba watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Hadi leo ziko nyumba Mtongwe na Likoni ambazo haziitaji siku hiyo kwa sauti kubwa.

Nchi kavu nako kuna mafunzo. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walifariki wakisukumana kuingia Uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Tarehe 20 Oktoba 2023, alfajiri ya Mashujaa, watu wanne walifariki katika msukumano Kericho, jirani kabisa wa Nyamira. Waliotoka nyumbani siku hizo walikwenda kufurahi. Wengi walifanya lile lile ninalolihimiza hapa: waliwahi. Kuwahi hakumsaidii mtu ikiwa maelfu wamewahi pamoja na lango ni moja, jembamba, halifunguliwi kwa wakati, na hakuna anayewaambia walio nyuma kwamba mbele kumejaa. Wa nyuma hamwoni wa mbele. Anasukuma kidogo tu, na kidogo cha watu elfu moja ni kifua cha mtoto.

Hata Disneyland, siku yake ya kwanza tarehe 17 Julai 1955, ilialika watu kama 15,000 wakaingia karibu mara mbili yao, wengi kwa tiketi bandia. Waliojifunza walijifunza hapo: huwezi kuongoza umati usioujua idadi yake.

Deni la kaunti

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya burudani za umma na sehemu za mapumziko, bustani na fuo zikiwemo. Basi anayeleta pembea Kisii au Nyamira haji kwa hisani ya mtu. Anakuja kwa idhini ya kaunti, na kaunti ikitoa idhini huchukua na dhamana. Vivyo hivyo Mombasa, Kwale na Kilifi kwenye viwanja vyetu vya Idi na Krismasi.

Idhini hiyo isiwe karatasi ya kukusanyia ada tu. Iseme uwanja unachukua watu wangapi, na ikifika idadi hiyo lango lifungwe kwa utaratibu, walio nje waambiwe warudi saa ngapi. Iseme pawe na lango la kuingia na jingine la kutokea, yasigongane. Kila mashine iwe na foleni moja iliyozungushiwa kamba, badala ya makundi matatu yanayogombania mlango mmoja. Ibandikwe na bango dogo: ukisimama hapa, utasubiri dakika kadhaa. Tena tiketi ziuzwe kwa zamu, ya asubuhi rangi moja na ya mchana rangi nyingine, ili mkulima wa chai aliyekuja siku kuu ajue kwamba zamu yake ipo na hakuna wa kumpita kwa shilingi mia. Hakuna hata moja katika haya linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kamba, rangi na mtu wa kuhesabu vinatosha.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto, na nchi ina mambo makubwa. Mimi naona vingine. Lango la pembea ni darasa la kwanza la mtoto la uraia. Hapo ndipo anapoona kama aliyetangulia hutangulizwa, au kama mwenye mjomba ndiye hupita. Akijifunza hapo kwamba foleni ni ya wajinga, usimshangae miaka ishirini baadaye akikuruka kwenye dirisha la hospitali, au kwenye mstari wa kura.

Likizo ya Agosti, Mungu akipenda, tutakwenda tena. Nimemuahidi yule mdogo wao kwamba tutatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, kabla ya chai, na kwamba gurudumu ndilo la kwanza. Mama yake anasema nimeanza kuwa mkali kama kapteni wa feri. Upande wangu nimekwisha kuupanga. Aliyebaki ni mwenye lango.